Kidonge cha thairoidi na safari ya maabara

SWALI: Daktari, tangu nipasuliwe rovu natumia levothairoksini. Alfajiri nasafiri kutoka Koboko kwenda kupimwa damu Arua. Nimeze kidonge kwanza?
– Mama, Koboko

JIBU: Kitie mkobani, mama. Utolewe damu kwanza, ndipo umeze kwa maji matupu, na chai ya maziwa ingoje walau nusu saa.

Ukimeza, T4, yaani homoni iliyomo kidongeni, hupanda kwenye damu, kilele kikiwa kati ya saa 2 na 4 baadaye. Huenda ndio muda utakaokuwa kwenye foleni ya maabara. Tabibu asiyejua hilo aweza kukupunguzia dozi bure. TSH, homoni ya ubongo inayoisukuma thairoidi, haitikiswi na kidonge kimoja, kwa hiyo ukiwa umeandikiwa TSH peke yake na umeshameza, usigeuze safari. Taja tu saa uliyomeza.

Linaloniudhi zaidi ni wanaoruka dawa wiki nzima, kisha wakameza viwili viwili siku ya kupimwa. Majibu yao hayasomeki.

Vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini viache siku 2 kabla ya kupimwa, kwani huvuruga vipimo. Dozi ikibadilishwa, pima tena baada ya wiki 6 hadi 8.