Kura za Vifungo: Mafunzo Niliyopata kwa Kusikiliza Tamthilia

Kibaraza changu cha kushonea kipo Mtoni kwa Azizi Ali, kando ya Barabara ya Kilwa, ambako magari ya Mbagala hupiga honi mpaka usiku. Runinga yangu ya kwanza ilikuwa ya chogo, inchi 14, na niliiweka makusudi juu ya kabati la vitambaa, nyuma ya mgongo wangu. Fundi anayetazama runinga hushona kidole chake. Basi tamthilia nyingi nimezisikia kuliko nilivyoziona, na maoni yangu kuhusu waigizaji na tuzo zao yametokea kisogoni. Atakayeyadharau ana haki yake.

1. Mchezo huingilia sikioni

Mwaka 1993 nilikuwa najifunza kazi kwa shangazi yangu. Yeye anakata na kushona, mimi naweka vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Huku bara televisheni hatukuwa nayo. Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, ila sisi tulisubiri mpaka 1994 ndipo ITV na wenzake walipoanza. Tulichokuwa nacho ni redio ya betri, na Julai ya mwaka ule Radio Tanzania ikatuletea Twende na Wakati.

Waliokuwepo watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori asiyeshiba wanawake, na mkewe Tunu, aliyevumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, akaanza biashara yake na kushika njia yake. Shangazi alimchukia Mkwaju kama mtu aliyemkopa hela. Jioni yenye mchezo cherehani zote mbili zilipunguza mwendo, kwa sababu kelele ya pedali ilikuwa inakula maneno. Mkwaju alipoanza kuugua ukimwi, shangazi alisema "Ahaa!" akaendelea kushona. Baada ya muda nikamwona anafuta macho kwa kipande cha bitana.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba Dodoma walinyimwa mchezo ule kuanzia 1993 hadi 1995. Kituo cha kule kilirusha vipindi vingine saa ileile ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia, waone kama mchezo wa redio kweli unabadilisha watu kuhusu uzazi wa mpango na ukimwi. Wakaona unabadilisha. Shangazi angewaambia bila utafiti.

Wamarekani huziita tamthilia za namna hii michezo ya sabuni. Miaka ya 1930 kampuni za sabuni, Procter & Gamble ikiwemo, zilidhamini michezo ya redio ya mchana kwa ajili ya akina mama waliokuwa majumbani wakifua na kupika. Mmojawapo, Guiding Light, ulianza redioni 1937, ukahamia kwenye televisheni, ukafa 2009. Nilipolisikia hilo nilifurahi, maana sanaa hii tangu mwanzo ilitungwa kwa mtu ambaye mikono yake ina kazi. Mimi si mtazamaji mvivu, ndiye hasa waliyemkusudia.

2. Usiku tunafuata kisa, mchana tunafuata uigizaji

Kwetu tamthilia huja usiku, mchana ni marudio. Wengi huyadharau marudio. Mimi nasema ndiyo mtihani wenyewe.

Zama za kundi la maigizo la Kaole, nyumba yenye runinga ilikuwa na mkeka uliojaa watoto wa mtaa mzima. Usiku ule hakuna aliyepima uigizaji. Tulitaka kujua nani kamfumania nani, na ukikohoa unafukuzwa nje. Mchana wa pili ukikisikia kipande kilekile, kisa unakijua na hofu imekwisha. Hapo ndipo unapomsikia mwigizaji anayesubiri zamu yake ya kusema na yule anayemsikiliza mwenzake kwelikweli. Anayesubiri zamu hujibu haraka mno, jibu linatoka limeshapigwa pasi. Anayesikiliza huvuta pumzi kwanza.

Kaole walitoka akina Ray, Johari, Dokta Cheni na marehemu Steven Kanumba. Kanumba aliingia kundini akiwa kijana mdogo, na kwa sikio langu miaka ya mwanzo alikuwa wa kawaida tu. Nilichokipenda ni kwamba alikuwa anajifunza mbele yetu, wiki hadi wiki, kama mwanafunzi wa cherehani ambaye mshono wake unanyooka polepole bila mtu kutangaza. Alipofika kwenye filamu kubwa na kwenda mpaka kuigiza na Wanigeria, wengine walishangaa ametokea wapi. Sisi wa marudio hatukushangaa. Alipofariki Aprili 7, 2012, nilifunga kibaraza siku tatu, mpaka alipozikwa Kinondoni, na wateja wangu wa sare za Pasaka walininunia vibaya sana.

3. Muziki ukizidi, kuna kinachofichwa

Hili nawaambia watengenezaji wetu bila kumtaja mtu. Mwigizaji anaongea jambo la maana, na chini yake kinanda kinalia kama kuna msiba nyumba ya pili. Anayetazama labda huusoma mdomo. Mimi niliyeinama napata kinanda peke yake. Halafu kuna kilio cha kulazimisha, kile cha kuvuta kamasi zisizokuwepo! Siri ya Mtungi, ile ya Cheche mpiga picha wa Bagamoyo, ilinifurahisha kwa sababu waliacha watu wanyamaze. Unasikia mlango, unasikia bahari, unajua mtu amekasirika bila kuambiwa.

Na sauti nzuri wala haihitaji tafsiri. Isidingo ya Afrika Kusini ilikuwa zaidi ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuandika vipimo vya kiuno. Lakini Barker Haines, aliyeigizwa na Robert Whitehead, akianza kuongea taratibu nilijua kuna mtu anaibiwa. Sikuwahi kukosea.

4. Mhusika ni nguo iliyoshonwa juu ya mwili wa mtu

Sultan, ile ya Waturuki ambayo Azam waliirusha kwa Kiswahili, iliharibu ratiba ya mtaa wetu. Siku moja mteja alikuja kuchukua gauni, akatazama runinga, akapiga yowe: "Fundi, huyu si Hurrem! Wametubadilishia mtu!" Nikageuka. Kweli. Meryem Uzerli, aliyekuwa Hurrem mke wa sultani, alikuwa ameondoka kwenye mchezo huko kwao 2013, na nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin, mtu mzima zaidi, mwenye uso wa mama mwenye funguo za ghala.

Mtaa uligoma. Nami niligoma wiki nzima. Kisha nikaanza kumheshimu yule wa pili, kwa sababu kazi yake ni ile ninayoiogopa kuliko zote, yaani kuletewa gauni alilopimiwa mtu mwingine ukaambiwa limkae huyu, tena harusi ni kesho. Wapenzi wa The Bold and the Beautiful wanakijua kidonda hiki. Ronn Moss alikuwa Ridge tangu 1987 mpaka 2012, kisha akaletwa Thorsten Kaye. Mwigizaji wa pili hapewi nafasi ya kujifunza mbele yetu kama Kanumba. Anaingia katikati ya ugomvi na anatakiwa awe na hasira ambazo mwenzake alizilimbikiza miaka ishirini na mitano. Ningekuwa natoa tuzo, huyo angekuwa na ya kwake.

5. Jaji hupewa kipande

Marekani wana tuzo maalumu za vipindi vya mchana, Daytime Emmy, tangu 1974. Mwigizaji huchagua vipande vyake vizuri vikapelekwa kwa majaji. Hapo ndipo ninapokwaruzana nazo. Ukitaka kunipima mimi kwa gauni moja la bibi harusi, nitakushinda. Nitalala nalo wiki mbili, nitalipiga pasi kama hati ya nyumba. Nipime kwa sare arobaini za kichenpati zinazotakiwa Jumamosi, kila mama na kiuno chake. Tamthilia ni sare arobaini. Mwigizaji wake anapewa maneno jana, anayasema leo, na kesho anatakiwa awe mtu yuleyule hata kama mwandishi amelewa.

Susan Lucci alikuwa Erica Kane kwenye All My Children tangu mchezo ulipoanza 1970. Aliteuliwa mara 18 na mara 18 akarudi mikono mitupu, mpaka watu wakamfanya utani. Mara ya 19, mwaka 1999, ndipo alipoitwa, na ukumbi mzima ukasimama. Wanaosema kwamba majaji hatimaye walimtambua wananichekesha. Kinachonishangaza ni kwamba alirudi kazini mara 18 Jumatatu yake na Erica hakupungua. Hiyo ndiyo iliyostahili sanamu, na haimo kwenye kipande chochote.

6. Furaha ya Lagos ilikuwa yangu pia, pamoja na kinyongo kidogo

Machi 2016 waigizaji wetu Lulu, yaani Elizabeth Michael, na Richie, Single Mtambalike, walichukua tuzo za Africa Magic kule Lagos. Lulu kwa Mapenzi ya Mungu kama filamu bora ya Afrika Mashariki, Richie kwa Kitendawili katika filamu za Kiswahili. Nilipiga vigelegele mpaka wa duka la pili akadhani nimepata mjukuu.

Kinyongo changu ni kile kijisanduku cha lugha. Kiswahili kinasemwa na watu wengi kuliko raia wa nchi nyingi zinazotoa tuzo, halafu tunawekewa kabati letu pembeni, kama vile filamu haiwezi kuwa nzuri kwanza na ya Kiswahili baadaye. Hata hivyo wangeniletea mimi, ningeipokea na kuiweka juu ya runinga.

Kuhusu tuzo za kura za simu nina neno moja tu: hupima nani ana ndugu wengi wenye salio.

7. Angalia luku kabla ya sehemu ya mwisho

Sina maelezo. Aliyewahi kubaki gizani steringi akiwa anafungua mlango ananielewa.

8. Tuzo ikitolewa, ulizia ni ya nani

Mwaka ule wa Sultan niliamua kutoa tuzo yangu. Niliweka kopo tupu la maziwa ya unga mezani na sahani ya vifungo vilivyobaki. Kila mteja anachukua kifungo kimoja, anakitumbukiza, ananitajia mwigizaji na mimi naandika kwenye daftari la vipimo. Nilitegemea Hurrem, wa kwanza au wa pili, tungegombana hapo. Wiki ya tatu kijana ninayemfundisha kazi alikamatwa akimimina vifungo vya koti, vile vikubwa, kwa ajili ya Ibrahim Pasha wa mchezo uleule. Nilivitoa vyote na kumnyima chai. Ndivyo nilivyojifunza kwamba mwenye kopo naye anahitaji wa kumchunga.

Aliyeshinda alikuwa Sumbul, yule mtumishi wa ikulu, vifungo 23. Hakuna aliyebisha. Sumbul anapolalamika, anapojikomba, anapoona hatari na kuuma maneno, kibaraza kizima kilikuwa kinacheka kabla sijageuka kutazama. Nikaandika jina la mwigizaji kwenye daftari, Selim Bayraktar, kisha kalamu ikasimama.

Yule Bayraktar hajui Kiswahili. Sauti tuliyoipigia kura ilikuwa ya mtu wetu, aliyesimama kwenye chumba kisicho na dirisha na kuyalinganisha maneno yetu na midomo ya Kituruki. Tulimpigia kura mtu ambaye jina lake hatulijui. Tena hatukuanza kwa Waturuki. Mwaka 2011 TBC walirusha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na mama wakwe wale walikuwa wanafoka kama wa Keko. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Aliwataja watazamaji, wenye sauti hawakutajwa. Na kabla ya hapo, kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video, Lufufu, mtafsiri wa filamu za nje, peke yake alikuwa steringi, adui, mama mzazi na mbwa, bila karatasi, huku jenereta likinguruma. Miaka yote niliyofuatilia tuzo, sijasikia mwingiza sauti akiitwa jukwaani kwenda kulia na kumshukuru mama yake.

Niliandika kwenye daftari: "Sumbul wa Kiswahili." Nikampigia binti wa mteja mmoja anayejua mambo ya mitandao anitafutie jina. Alikuja siku mbili baadaye, "Shikamoo mama, sijapata," akachukua sketi yake.

Vifungo 23 vilikaa kwenye kopo mpaka Januari. Kisha zikaja sare za shule, vifungo vyeupe vikapanda bei Kariakoo, nikafungua kopo. Mashati manne kasoro kifungo kimoja. Shati la nne nililimalizia kwa kifungo kikubwa kimoja cha Ibrahim Pasha, hapa chini, kinapofichwa na kaptura.