Somo Letu: Ua Hauzuii Maji ya Chini



Katika somo hili tutazungumza juu ya maisha yetu sisi tunaokaa kando ya jiji: Thika, Juja, Ruiru na mitaa yote iliyo kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Wengi wetu tulihamia huku kwa sababu moja. Tulichoka na kodi ya mjini, tukasikia kwamba huku nyumba ni nafuu na ploti zinapatikana. Hayo ni kweli. Lakini je, tulipiga hesabu yote? Leo tuangalie hesabu tatu: ya pesa, ya saa na ya jirani. Hii ya tatu ndiyo tunayoisahau, na ndiyo inayotuuma zaidi.

TULIFIKAJE HAPA?

Wazee wanakumbuka sehemu hizi zikiwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na baadaye Thika ikawa mji wa viwanda. Mtu alikaa Thika kwa kuwa kazi yake ilikuwa Thika. Ruiru nayo sifa yake ilikuwa kahawa. Hata ile mibuni iitwayo Ruiru 11, ambayo wakulima walianza kupewa mwaka 1985, ilipata jina lake kutoka kituo cha utafiti kilichoko hapa Ruiru.

Kisha mashamba yakaanza kukatwa vipande. Mwaka 2009 ujenzi wa barabara mpya ya Thika ulianza, na Novemba 2012 ikafunguliwa rasmi, yapata kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika. Basi watu wakaja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu karibu 240,000. Katika hesabu ya 2019 walikuwa karibu 490,000. Mji uliokuwa kama kituo tu cha njiani ukawa na watu karibu mara mbili ya Thika yenyewe, iliyokuwa na watu kama 250,000.

Miaka kumi tu, na watu wameongezeka maradufu! Nyumba hujengwa upesi. Ujirani haujengwi upesi hivyo.

HESABU YA PESA

Chukua karatasi na kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni shilingi 4,400. Mkienda kazini wawili, baba na mama, ni 8,800. Ongeza boda boda ya kutoka steji hadi mlangoni, na mitungi ya maji wakati mfereji umekauka. Sasa linganisha na ile kodi uliyoikimbia. Wengine watakuta bado wamepata faida. Wengine watakuta faida yote imeliwa na matatu.

HESABU YA SAA

Mtu anayetumia saa tatu kwa siku barabarani, kwenda na kurudi, hutumia saa 15 kwa juma la siku tano. Kwa majuma 48 ni saa 720. Gawanya kwa 24: ni siku 30 kamili, mchana na usiku. Kumbe kila mwaka tunakaa mwezi mzima ndani ya gari!

Hatusemi haya kumlaumu mtu. Kazi ni kazi. Lakini tujue ule mwezi unatoka wapi. Unatoka kwa watoto, na unatoka kwa jirani. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri, tunarudi gizani, tunafunga geti. Ikifika sikukuu tunapanda gari kwenda kwa wazazi. Ukiulizwa nyumbani ni wapi, utataja Murang'a, Machakos au Kakamega. Ruiru ni pa kulala tu.

HESABU YA JIRANI

Tuwaeleze jambo lililotokea mtaani kwetu. Mama mmoja alikuwa na kisima kifupi karibu na ukuta wa nyuma. Maji yake yalikuwa safi ya kutazama, na nyumba kadhaa zilichota hapo. Baada ya mvua za masika watoto wakaanza kuhara. Mmoja akalazwa hospitali siku nne. Tukadhani ni matunda, tukadhani ni chakula cha shuleni. Mwishowe mtu akashauri maji yapimwe. Yalipopimwa yakaonekana yana uchafu wa choo.

Nyuma ya ule ukuta mzee mmoja alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha, na shimo la choo alilichimba kwenye kona yake ya mwisho, mbali kabisa na nyumba zake. Walikuwa majirani miaka miwili na hawajawahi kusalimiana. Tulipokwenda kumwona, yule mama alimwambia, "Mzee, shimo lako linaingia kwenye kisima changu." Naye akajibu, "Mama, mimi nilichimba ndani ya ua wangu. Kosa langu ni lipi?"

Ndugu msomaji, jibu hilo lilitunyamazisha. Alisema kweli. Hakuvuka mpaka hata kidogo. Lakini ua husimama juu ya ardhi tu. Chini ya ardhi maji hayajui ploti ya nani.

Tupime wenyewe. Ploti nyingi za huku ni futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15 kwa 30. Wataalamu wa afya kwa kawaida hushauri kisima kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la choo, na zaidi ikiwa kisima kiko upande wa chini wa mteremko. Ukiweka kisima kona hii na shimo kona ya mbali kabisa, utafikisha mita 30 kwa shida. Lakini je, ile kona ya shimo lako iko karibu na kisima cha nani? Katika ploti za kiasi hiki hakuna mtu anayeweza kujilinda peke yake. Ni lazima tupange pamoja.

Jambo hili ni chungu zaidi tukikumbuka kwamba sehemu zetu ndizo zinazonywesha jiji. Bwawa la Ruiru limepeleka maji Nairobi tangu enzi za ukoloni, na bwawa la Thika lililoko Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, ndilo hutoa sehemu kubwa ya maji ya jiji. Mito yetu inakwenda mjini kwa bomba, na sisi tunachota karibu na choo cha jirani.

TUFANYE NINI?

1. Tuchore ramani ya mtaa. Karatasi moja yatosha. Kila ploti ioneshe kisima kiko wapi na shimo liko wapi. Atakayejenga baadaye aioneshwe kabla ya kuchimba.

2. Tupime maji, hasa baada ya mvua. Nyumba kumi zikichanga, gharama si kubwa. Tukumbuke pia kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi, ambayo hupatikana katika visima virefu vingi vya sehemu za Nairobi na Kiambu na huharibu meno ya watoto. Kwa hiyo tuulize vipimo vyote viwili.

3. Penye visima, tujenge tangi lililozibwa chini na pembeni, la kunyonywa na eksosta, badala ya shimo linalopenyeza. Ni ghali zaidi kwa mmoja, lakini nyumba zinazochangia zinaweza kupunguza gharama.

4. Anayenunua ploti asikubali kuoneshwa vigingi tu. Afanye uchunguzi katika ofisi ya msajili wa ardhi. Cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi si hati ya kumiliki. Na ikiwa ardhi ni ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Kisha, kabla ya kulipa, aulize majirani: hapa maji hutoka wapi na machafu huenda wapi?

5. Twende kwenye mikutano. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, wananchi wana haki ya kusikizwa bajeti inapopangwa. Mabomba ya maji na ya maji machafu huombwa hapo. Asiyekuja hasikiki. Na anayepiga kura yake kwa wazazi huku watoto wake wanakunywa maji ya Ruiru, afikirie tena. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

MWISHO

Huenda mtauliza yule mzee alifanya nini. Hakukubali siku ile. Alikubali baada ya mama yule kumpeleka kumwona mtoto aliyekuwa ametoka hospitali. Alisema, "Sikujua kuna watoto upande huu." Shimo likazibwa, tangi likajengwa, na nyumba saba zikachanga. Kisima hatukinywi hata sasa, tunakitumia kwa kufua na kusafisha. Lakini wale wawili husalimiana, na alfajiri wakikutana steji hushikiana nafasi katika foleni ya matatu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Je, unawajua kwa majina majirani wa pande zote nne za ploti yako?

Shimo lako liko umbali gani kutoka kisima kilicho karibu, hata kama kisima hicho si chako?

Katika ule mwezi mmoja tunaoutumia barabarani kila mwaka, ni saa ngapi tunaweza kuzirudisha kwa mtaa wetu?

Kazi ya juma hili: kila mmoja abishe mlango mmoja ambao hajawahi kuubisha.