KULISOMA JANI KWA KIPIMO
Somo la Sayansi kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi

Somo la mimea katika shule zetu huanza kwa majina, na mara nyingi huishia kwenye majina hayohayo. Mwalimu huchora jani ubaoni, huonyesha kikonyo, bapa na vena, wanafunzi hunakili, kengele hulia. Kujua majina si vibaya. Lakini mtoto aliyefundishwa majina peke yake hawezi kujibu swali dogo kama hili: kwa nini jani la mchicha ni laini na hunyauka upesi, hali jani la mwembe ni gumu na hukaa mtini muda mrefu? Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kuwaongoza watoto walijibu swali hilo kwa kupima.

Sifa ya mmea ni nini?

Wataalamu wa ikolojia, yaani elimu ya uhusiano baina ya viumbe na mazingira yao, huita sifa ya mmea jambo lolote linaloweza kupimwa katika mmea mmoja mmoja, nalo likatuonyesha namna mmea huo unavyoishi: kimo chake, uzito wa mbegu zake, unene wa jani lake. Mojawapo ya sifa zinazotumika sana ni uwiano wa eneo la jani na uzito wake likiwa limekauka.

Jani lenye eneo kubwa kwa uzito mdogo ni kama kibanda cha makuti: hujengwa upesi kwa gharama ndogo, lakini halidumu. Jani lililo zito kwa eneo lilelile ni kama nyumba ya mawe: hugharimu zaidi, lakini hukaa. Mwaka 2004, Ian Wright na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya spishi 2,548 kutoka mahali 175 duniani. Walionyesha kwamba majani ya mimea hupangika katika safu moja, kuanzia yale ya haraka hadi yale ya kudumu. Hakuna upande ulio bora kuliko mwingine; kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Wanavyofundishwa watafiti

Vipimo hivyo visingeweza kulinganishwa kama kila mtu angepima apendavyo. Ndiyo sababu upimaji wenyewe hufundishwa. Tangu mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, kikishirikiana na wataalamu wa nchi nyingine, kimeshiriki kuendesha kozi za nyanjani juu ya sifa za mimea, kwanza katika mlima Gongga huko China, na baadaye Peru, Svalbard na Afrika Kusini. Wanafunzi hugawana kazi: hawa huchuma, hawa hupima eneo na unene, hawa hukausha na kupima uzito. Kila jani hupewa namba yake, ili kosa likionekana liweze kufuatwa hadi lilipoanzia. Mwalimu wa shule ya msingi hana mashine zao, lakini utaratibu huo hauhitaji fedha.

Somo lenyewe

Shabaha: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze (a) kuchagua jani linalofaa kupimwa, (b) kulinganisha uzito wa majani mawili yenye eneo sawa, na (c) kueleza tofauti aliyoiona.

Vifaa: Majani ya mchicha na ya mwembe, rula, mikasi, magazeti makuukuu, ufito mwembamba, uzi, na visahani viwili vya karatasi vilivyo sawa.

Hatua ya kwanza: Uliza ni jani lipi litakuwa zito zaidi likikauka. Andika ubaoni idadi ya wanaosema hili na wanaosema lile. Usitoe jibu.

Hatua ya pili: Kila mwanafunzi achume jani moja lililokomaa, lisilozeeka, lililo juani, lisiloliwa na wadudu.

Hatua ya tatu: Kila mmoja akate kipande cha mraba chenye sentimita 2 kila upande, akiepuka vena kuu ya kati. Kusanya vipande 20 vya mchicha na 20 vya mwembe. Kila fungu lina eneo la sentimita za mraba 80.

Hatua ya nne: Tandaza vipande kati ya magazeti yaliyoandikwa jina la mmea na tarehe. Vikaushwe kwa siku kadhaa, hadi vivunjike vikikunjwa.

Hatua ya tano: Ning'iniza ufito kwa uzi katikati, na visahani kwenye ncha zake. Hakikisha umelala sawa kabla ya kupima. Weka mafungu, upande wa mwembe utashuka. Rudini kwenye makisio yaliyoandikwa ubaoni.

Chuo chenye mizani ya maabara kiendelee na hesabu. Tuseme fungu la mwembe lina gramu 0.8: 80 ÷ 0.8 = 100. Tuseme la mchicha lina gramu 0.32: 80 ÷ 0.32 = 250. Yaani kwa kila gramu moja, mchicha umetandaza eneo kubwa zaidi juani.

Kosa la kuepuka

Nilipofundisha somo hili mara ya kwanza niliwaambia watoto, "Leteni majani ya mwembe," basi. Wengine walileta machanga, mekundu na laini, wengine makuukuu, na kundi moja lilipima majani yaliyolowa mvua. Vikundi vilipata majibu yanayopingana. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, tuandike la nani?" Sikuwa na la kumjibu. Watoto walikuwa wamepima kwa uaminifu. Aliyekosea ni mimi niliyewapa agizo lisilo na mpaka. Tuliyatupa majani yote tukaanza upya, na safari hii watoto wenyewe walitunga masharti ya kuchuma.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Kwa nini vipande vikaushwe kabla ya kupimwa?
2. Linganisha majani ya mmea mmoja yaliyo juani na yaliyo kivulini. Andika masharti yako kabla ya kuchuma.
3. Mtoto akipata jibu tofauti na la wenzake, utamwuliza nini kabla ya kumwambia amekosea?