SOMO LA AFYA: MENO HUNYOOSHWAJE?



Tulipotembelea darasa moja la kisomo, mama mmoja alituita pembeni. Binti yake ana miaka 14. Meno yake ya mbele yamepandana, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Jirani alimshauri ayafunge kwa mpira wa kufungia fedha, eti yatasogea yenyewe. Mama akauliza, "Mwalimu, nifunge nisifunge?"

Tulimjibu: Mama, usifunge! Leo tujifunze sababu.

JINO HUSOGEAJE?

Jino halikukazwa kama msumari ndani ya ubao. Mzizi wake umeshikwa na nyuzi ndogondogo ndani ya shimo la mfupa wa taya. Jino likisukumwa polepole kila siku, mfupa ulio mbele yake huliwa kidogo kidogo. Nyuma yake hujengwa mfupa mpya. Basi shimo lenyewe huhama pamoja na jino. Kazi hii haitaki haraka. Ukilazimisha, mzizi huharibika.

VIFUNIKO VYA PLASTIKI

Madaktari wengi hunyoosha meno kwa nyaya zinazobandikwa juu ya meno. Ipo pia njia ya vifuniko vya plastiki vinavyovaliwa na kuvuliwa. Plastiki yake ni angavu kama kioo, haionekani upesi. Kampuni ya Align Technology, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997, ilianza kuvipanga kwa kompyuta.

Kwanza daktari hupima mdomo na kupiga picha ya eksirei. Kisha safari ya meno hupangwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kifuniko chake. Kimoja huvaliwa wiki moja au mbili, halafu kingine. Kila kimoja husogeza jino karibu robo ya milimita tu. Ndiyo maana kazi huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka.

Masharti yake ni haya:

1. Kivaliwe saa 20 hadi 22 kila siku.
2. Kivuliwe wakati wa kula na kupiga mswaki. Usinywe chai ya sukari ukiwa umekivaa. Sukari hujificha chini yake na kuozesha meno.
3. Kisioshwe kwa maji ya moto, kitapinda.
4. Kazi ikiisha, huvaliwa kifaa cha kuyashikilia meno. Usipokivaa, meno hurudi yalikotoka.

Njia hii ni ya gharama kubwa, tena haifai kwa kila mtu. Meno yaliyopinda sana mara nyingi huhitaji nyaya. Meno mabovu na fizi zinazotoka damu zitibiwe kwanza.

HATARI YA MPIRA

Mzizi wa jino ni mwembamba kuelekea nchani. Kwa hiyo mpira huteleza, ukaingia ndani ya ufizi usionekane. Humo hukata zile nyuzi na kuharibu mfupa. Meno mazima hulegea na kung'oka.

SISI TUFANYE NINI?

Meno ya utoto hutunza nafasi ya meno ya ukubwani. Yakioza na kung'olewa mapema, meno ya jirani huegemea, na jino jipya hukosa njia. Basi watoto wapige mswaki mara mbili kwa siku.

Mtoto mkubwa anayenyonya kidole aachishwe kwa upole.

Tena, tusikubali mtoto mchanga apasuliwe ufizi eti ana "meno ya nailoni". Ugonjwa huo haupo. Kinachotolewa ni jino changa, na mtoto anaweza kupata maambukizo akafa. Homa na kuhara vipelekwe zahanati.

Mama yule sasa anajiandaa kumpeleka binti kwa daktari wa meno. Mpira ameurudisha kwenye fedha zake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini jino lisogezwe polepole?
2. Mpira unaharibuje meno?
3. Katika kijiji chenu, mtoto mwenye meno yaliyopandana huambiwa maneno gani? Je, yanamsaidia?