Mkebe wa kuokea usiotiwa lehemu: Kunja pembe, epuka risasi

Akina mama wanaooka mikate na keki za kuuza, na hata wewe msomaji unayeokea watoto nyumbani mjini, huangalia sana unga, hamira na mafuta. Ni wachache wanaougeuza mkebe wa kuokea na kutazama pembe zake. Hapo ndipo somo la leo linapoanzia.

Tuchukue mfano wa Mwala, Machakos. Wakamba walisifika tangu kale kwa kufua minyororo myembamba ya chuma na shaba, na leo fundi wa jua kali katika soko la huko, sawa na mwenzake wa Gikomba jijini Nairobi, anaweza kukutengenezea mkebe wa mkate ukingoja. Swali la kumwuliza ni moja: pembe ataziziba kwa nini?

Njia ya mkato ni kukata bati kwenye pembe, kuinua kuta, kisha kuziba ufa kwa lehemu. Lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa madini ya bati na risasi. Ile inayotumiwa sana huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na mkate huokwa kwenye nyuzi 180 hadi 220. Maana yake ni kwamba kizibo kinaweza kulegea ndani ya joko lile lile linaloivisha mkate. Hata kisipoyeyuka, maziwa lala, ndimu na unga uliochacha vina asidi, na asidi huimumunya risasi kidogo kidogo ikaingia katika chakula.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Humpunguzia damu, humwumiza tumbo, na lililo baya zaidi huudhuru ubongo unaokua, hivi kwamba mzazi huona tu kuwa mtoto ni mzito wa kujifunza au hatulii darasani. Risasi hujificha mifupani kwa miaka mingi, na mama anaposhika mimba hutoka tena ikamfikia mtoto tumboni. Wakenya tunayajua madhara haya. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mkebe mmoja si kiwanda, lakini mkebe hutumika kila siku.

Wenye viwanda vya vyakula walilitambua jambo hili. Mikebe ya karne ya 19 ilizibwa kwa lehemu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaenea ile ya kingo zilizokunjwa pamoja na kukandamizwa, na mwaka 1995 Marekani ikapiga marufuku lehemu ya risasi katika mikebe ya chakula.

Fundi wa soko hana mashine hiyo, wala haihitaji. Siri yake ni kutokata pembe kabisa. Tuseme wataka mkebe wenye kitako cha sentimita 20 kwa 10, kimo chake 6, na upindo wa sentimita 1 juu. Bati litakuwa la sentimita 34 kwa 24. Litakwaruzwa mstari sentimita 1 kutoka kila ukingo, na mwingine sentimita 7 kutoka kila ukingo. Katika kila pembe utaona mraba wa sentimita 6. Huo usiguswe na mkasi! Kinachokatwa ni ule ukanda mwembamba wa upindo unaouzunguka kwa nje, ili upindo usije ukawa mnene pembeni.

Sasa mraba huchorwa mshazari, kutoka pembe ya kitako hadi ncha ya nje. Kuta zikiinuliwa pole pole zote pamoja, mraba hujikunja kwenye mshazari na kutokeza nje kama sikio la pembe tatu. Masikio hulazwa kwa nyundo ya mti juu ya kuta ndefu, si zile fupi, kwa sababu mawili ya sentimita 6 hayaenei kwenye sentimita 10 bila kupandana. Mwisho upindo hugeuzwa nje na kuyafunika, nayo hayafunguki tena. Ukitazama ndani, ni bati moja lisilo na ufa wala mshono tangu kitako hadi sentimita 6 juu. Mtoto aliyewahi kukunja mashua ya karatasi ataelewa haraka kuliko mimi nilivyoeleza.

Masikio yawe nje daima. Yakikunjwa ndani, unga hunasa humo na kuoza. Upindo nao una kazi ya pili, ya kuficha makali ya bati, maana mkato mchafu wa mkono ni mlango wa pepopunda.

Pembe ya chini ndiyo dhaifu. Bati likikunjwa na kukunjuliwa mara mbili tatu, au likigongwa mno hapo, hupata tundu dogo kama la sindano. Kwa hiyo kabla ya kulipa, jaza maji, weka mkebe juu ya gazeti kavu, na uendelee kuzungumza na fundi kwa robo saa. Gazeti likilowa, mwachie mkebe wake.

Kukunja vizuri hakuponyi bati baya. Mabati ya kuezekea yamepakwa zinki, ambayo asidi huiyeyusha ikaleta kichefuchefu na kutapika, tena joto la zaidi ya nyuzi 200 kwa muda mrefu huanza kuibambua. Utayatambua yakiwa mapya kwa madoa yake yanayometameta. Bati la pipa lililobeba rangi au dawa za shambani likatae hata likiwa limechomwa na kusuguliwa. Chagua bamba jeusi la chuma tupu, jembamba, chini ya nusu milimita, au debe safi la mafuta ya kupikia lisilo na maandishi ya rangi upande wa ndani. Bamba jeusi lioshwe, lipakwe mafuta ya kula, lichomwe tupu jokoni, na baada ya kila matumizi likaushwe juu ya jiko.

Na ule wa lehemu ulio nao tayari? Huwezi kujua kwa macho kama lehemu yake ina risasi. Uweke misumari.