HATI YA MAOMBI: SAFARI YAKE MPAKA BUNGENI

Watu wengi hudhani kwamba hati ya maombi ikishafika Bungeni, jambo lililoombwa limekwisha kupatikana. Wengine hudhani kwamba hutupwa kapuni bila kusomwa. Ili ukweli ufahamike vema, yafaa kutazama nchi ya New Zealand katika karne ya kumi na tisa, ilipokuwa koloni ya Uingereza.

Koloni ile ilipewa Bunge lake kwa sheria ya mwaka 1852. Lilikuwa na mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi, ambalo wajumbe wake walichaguliwa kwa kura, na Baraza la Juu, ambalo wajumbe wake waliteuliwa. Juu yao alikuwapo Gavana, ambaye kibali chake kilihitajiwa ili mswada uwe sheria.

NJIA ILIYOFUATWA

Mwananchi hakuweza kuingia Bungeni na kusimulia shida yake mwenyewe. Ilimpasa kuiandika kwa maneno ya adabu, na mwisho wa hati aeleze wazi ni jambo gani analoomba. Waliokubaliana naye walitia sahihi zao, kisha hati ikakabidhiwa kwa mjumbe, naye ndiye aliyeitoa mbele ya Baraza.

Maombi mengi yalipelekwa kwa kamati mbili. Moja ilishughulikia waombaji ambao majina yao yalianza kwa herufi A mpaka L, na ya pili M mpaka Z. Maombi ya Wamaori, ndio wenyeji wa asili wa nchi ile, yalikuwa na kamati ya peke yake. Kamati ilichunguza jambo, kisha ikatoa taarifa: ama Serikali ilifikirie ombi hilo kwa wema, ama kamati haina neno la kupendekeza. Taarifa hiyo ilikuwa shauri tu, wala haikuwa amri.

OMBI LA WANAWAKE

Wanawake wa New Zealand hawakuwa na haki ya kuchagua wajumbe wa Bunge. Mwaka 1891 walipeleka maombi yenye sahihi zaidi ya 9,000. Mswada ukapita katika Baraza la Wawakilishi, lakini ukashindwa katika Baraza la Juu. Mwaka 1892 walirudi na sahihi karibu 20,000, wakashindwa tena. Hawakukata tamaa, kwa maana bandu bandu huisha gogo.

Wapinzani wao nao walitumia njia iyo hiyo. Henry Fish, mjumbe wa Dunedin, aliajiri watu wapeleke hati za kupinga katika vilabu vya pombe. Lakini ilipogunduliwa kwamba baadhi ya sahihi hizo zilikuwa za uongo au zilipatikana kwa hila, hati zake zilimletea aibu badala ya nguvu.

Mwaka 1893 karatasi za sahihi zilitoka kila pembe ya nchi zikamfikia Bibi Kate Sheppard mjini Christchurch. Yeye alizigandisha moja kwa moja hata zikawa mkeka mmoja wa karatasi wenye urefu wa mita 270 hivi, akauviringisha juu ya kipande cha mpini wa ufagio. Bungeni mjini Wellington, Sir John Hall aliukunjua mbele ya wajumbe, nao ukabingirika katika njia ya katikati hata ukagonga ukuta wa mwisho. Pamoja na maombi mengine ya mwaka ule, sahihi zilikuwa karibu 32,000.

Hata hivyo karatasi ile haikupiga kura. Waziri Mkuu, Richard Seddon, alijaribu kuuzuia mswada kwa kumgeuza mjumbe mmoja wa Baraza la Juu. Wapinzani wawili walichukizwa na hila hiyo, wakageuza kura zao, na tarehe 8 Septemba mswada ukapita kwa kura 20 dhidi ya 18. Wapinzani walimwomba Gavana asitie sahihi, lakini tarehe 19 Septemba 1893 aliitia. Kabla ya mwaka kwisha wanawake, Wazungu na Wamaori, walipiga kura.

OMBI LILILOKAWIA

Si kila mwombaji aliyepata upesi namna hiyo. Mwaka 1848 Serikali ilinunua kwa Wamaori wa kabila la Ngai Tahu kama ekari milioni 20 kwa pauni 2,000, ikaahidi kuwatengea ardhi ya kuwatosha. Ahadi hiyo haikutimizwa. Walianza kulalamika mwaka 1849, wakaendelea kwa barua na kwa maombi Bungeni, baba akimwachia mwana. Sababu moja ya kukawia ni nyepesi kuona: katika Bunge lililochaguliwa mwaka 1890, Wamaori walikuwa na wajumbe wanne tu kati ya 74. Sheria ya kuwaomba radhi na kuwalipa dola milioni 170 za New Zealand ilipitishwa mwaka 1998.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, hati ya maombi hulipasa Bunge lisikie, bali hailipasi likubali. Pili, nguvu ya hati ni ukweli wa sahihi zake: jina moja la uongo huwatia shaka wenye majina mia ya kweli. Tatu, hati huhitaji mjumbe wa kuibeba na kura za kuitimiza. Penye kura chache, subira huwa ndefu na haki hukawia.

Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 119, humpa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Mwenye kutaka kuitumia haki hiyo na aanze kama Bibi Sheppard: aseme wazi anachoomba, akusanye majina ya kweli, na akikataliwa mara ya kwanza, arudi.