SOMO LETU: "BOB" NI PESA GANI?

Ndugu wasomaji, mkifika soko la mpakani, kama vile Namanga, mtawasikia wenzetu wa Kenya wakisema, "Mama, nipunguzie, nina bob hamsini tu." Je, bob ni kitu gani?

Bob ni shilingi. Ni neno la mitaani, nalo limetoka Uingereza. Zamani pauni moja ya Uingereza ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa na peni 12. Watu waliiita shilingi hiyo "bob". Tarehe 15 Februari 1971 Waingereza walibadili hesabu ya fedha zao. Pauni ikawa na peni 100, na shilingi ikatoka katika hesabu.

Huku kwetu shilingi ililetwa wakati wa ukoloni, mwaka 1921. Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutoa kila moja shilingi yake. Basi huko bob ilikozaliwa shilingi haipo tena, lakini Nairobi neno bado linasemwa kila siku.

Neno hili halina wingi. Iwe moja au mia, ni bob tu. Ni kama sisi Tanzania tunavyosema "buku" kwa shilingi 1,000 na "jero" kwa shilingi 500. Maneno haya si mabaya. Ni ya kuzungumza, si ya kuandikia hati.

Kwa nini tunasema hivyo? Tuangalie mfano huu.

Mama mmoja wa Tanzania anamwuzia mtu wa Kenya kuku. Fedha hazitoshi. Mnunuzi anasema, "Mama, bob 500 nitaleta wiki ijayo." Mama anajibu, "Haya, mwanangu, niandikie." Karatasi inaandikwa: "Deni 500."

Wiki ijayo mnunuzi analeta shilingi 500 za Tanzania. Tuseme siku hiyo shilingi 1 ya Kenya ni sawa na shilingi 20 za Tanzania. Deni la haki ni 500 mara 20, yaani shilingi 10,000 za Tanzania. Mama amepungukiwa shilingi 9,500! Anatoa karatasi, lakini karatasi haimsaidii. Haisemi ni shilingi za nchi gani.

Kumbe mama angeandikisha hivi: "Nadaiwa shilingi za Kenya 500 (mia tano). Nitalipa tarehe fulani." Kisha jina, sahihi na shahidi. Andika kwa tarakimu na kwa maneno, maana sifuri moja huongezwa kwa urahisi.

Wenzetu, tulijifunza kusoma ili tusidhulumiwe. Kabla ya kutia sahihi, uliza: shilingi za wapi?

MASWALI
1. Bob moja ni shilingi ngapi?
2. Kwa hesabu ya mfano wetu, bob 30 ni shilingi ngapi za Tanzania?
3. Andika katika daftari lako hati ya deni la shilingi 200 za Kenya.